Zibua, Tibua, Fukua

Mwambie mvuvi wa Mtera kwamba Wamarekani wameondoa bwawa, atakuuliza maji wameyapeleka wapi. Ana haki ya kuuliza. Kwake bwawa ni maji yaliyotuama, yawe yamejikusanya yenyewe bondeni, yawe yamechimbiwa shimo, yawe yamezuiwa na ukuta wa zege wenye mitambo ya umeme. Tuna bwawa la samaki na bwawa la kuogelea, na katika hayo mawili hakuna mto uliozuiwa. Ikitangazwa kwamba bwawa limekauka, kila mtu anaelewa kuwa ukuta upo palepale. Vitabu vya jiografia ndivyo vilivyolibebesha neno hilo ukuta na maji kwa pamoja, magazeti yakafuata, na leo habari moja inaweza kututajia kimo cha bwawa na ujazo wa bwawa bila msomaji kushtuka.

Wakati wa kujenga mkanganyiko huo hauna madhara, maana ukuta na maji huja pamoja. Wakati wa kuvunja ndipo lugha inapokwama. Na kuvunja kupo. Mwaka 1999 ulivunjwa ukuta wa Edwards kwenye Mto Kennebec, jimbo la Maine, uliokuwepo tangu 1837. Mwaka 2007 ukafuata ukuta wa Marmot kwenye Mto Sandy, Oregon. Kati ya 2011 na 2014 zikaondoka kuta mbili za Mto Elwha, jimbo la Washington, na mwaka 2024 Mto Klamath, unaotoka Oregon kuingia California, ukamaliza kuondolewa kuta nne. Ufaransa nako, Mto Sélune, unaomwaga maji yake kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, hauna tena kuta zake mbili. Habari hizi zikitufikia kwa Kiswahili huja na kichwa kilekile: uondoaji wa mabwawa. Fungu hilo la maneno limekaa kiofisi mno. Halina maji ndani yake, wala halina mto.

Tuanze na ukuta. Wakulima wa skimu za umwagiliaji kule Usangu wana neno zuri, banio, yaani pale mto unapobanwa ili maji yapande na kuingia mfereji mkuu. Banio halihifadhi maji ya msimu mzima, kwa hiyo siwezi kulibandika kwenye ukuta wa zege wa mita 64, ila nalitamani kwa sababu limezaliwa na kitenzi, kubana, na kitenzi hicho kina kinyume chake tayari: kubanua. Lambo la wafugaji wa Shinyanga na Dodoma ni maji tena, pamoja na tuta lake. Silanga ya Kenya vivyo hivyo. Wahandisi husema ukuta wa bwawa, na ukiwa wa udongo husema tuta, nami naona inatosha. Istilahi isitafutwe mahali ambapo maneno mawili ya kawaida yanafanya kazi.

Kesi kubwa iko kwenye kitenzi. Kinachokuja mdomoni kwanza ni kubomoa, na kwetu kubomoa hakuji mikono mitupu. Tanzania tuna bomoabomoa: alama ya X nyekundu ukutani, tingatinga alfajiri, makochi na masufuria kando ya barabara. Kupasuka ni kubaya zaidi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, tuta la bwawa la shamba lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa wakiwa majumbani mwao. Baada ya Solai, mtu hawezi kusema bwawa limebomoka kana kwamba anasema uzio umeanguka. Sarufi yetu inatenga vizuri kubomoka na kubomolewa, janga upande huu na mradi upande ule, lakini tofauti yenyewe iko mkiani mwa neno tu, na msikilizaji wa redio aliye jikoni ataikosa.

Mimi ningechukua kuzibua. Wanaisimu wanaiita kauli ya kutendua, ile inayotupa fukia na fukua, kunja na kunjua, tega na tegua, ziba na zibua. Kitenzi cha namna hii kina kumbukumbu: huwezi kuzibua kisichokuwa kimezibwa, wala huwezi kutegua mtego ambao hakuna aliyeutega. Tena kinabadilisha yambwa. Kinachobomolewa ni ukuta. Kinachozibuliwa ni mto. Kichwa cha habari kisemacho mto umezibuliwa kinauweka mto mahali pake, na kinamkumbusha msomaji kwamba kuna siku uliwahi kuzibwa, na kuna aliyeuziba.

Najua kitakachosemwa: kuzibua kuna harufu ya karo. Ni kweli, na harufu hiyo nisingeiondoa. Tarehe 26 Oktoba 2011, kwenye Mto White Salmon huko Washington, mafundi walilipua kipande cha mwisho cha handaki walilokuwa wamelichimba kwenye kitako cha ukuta wa Condit, uliokuwepo tangu 1913. Ziwa zima likatoka kupitia tundu hilo kwa muda usiotimia saa mbili. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, tope la karibu miaka mia moja likienda na visiki na magogo. Aliyewahi kuingiza waya kwenye karo lililoziba, akasikia kitu kinalegea, anaijua rangi hiyo.

Elwha hawakufanya hivyo, na ndiyo maana Elwha una mengi ya kumpa mpenda maneno. Kila hatua ilikuwa polepole kiasi cha kuhitaji jina lake.

Ukuta wa chini, ulioitwa Elwha kama mto wenyewe, ulikamilika 1913, kimo chake mita 33. Wa juu, Glines Canyon, ulimalizika 1927, mita 64. Umeme ulikwenda mji wa Port Angeles na viwanda vyake vya mbao na karatasi. Sheria ya jimbo ilikuwa imekataza kuziba njia ya samaki, lakini hakuna aliyewajengea njia, na samoni waliokuwa wakipanda mto huo hadi milimani wakaishia kugonga ukuta kilomita 8 tu kutoka baharini. Watu wa Klallam, ambao mto huo ni wao tangu kabla ya ramani, walidai ufunguliwe kwa miongo mingi. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuurejesha mwaka 1992, na kazi yenyewe ikaanza Septemba 2011: eskaveta yenye nyundo ya haidroliki ikiwa imepakiwa juu ya tishari, ikiudonoa ukuta wa Glines Canyon kuanzia juu.

Walishusha maji mita chache, wakasimama. Wakashusha tena, wakasimama tena. Kusimama huko kulikuwa sehemu ya kazi, kwa sababu mbili. Kuna miezi samaki wanapita, na tope likizidi linawaziba matamvua. Sababu ya pili ni mto wenyewe: kila maji yaliposhuka, ulipewa nafasi ya kutangatanga juu ya mchanga uliokuwa umerundikana kwenye kichwa cha ziwa, ukiukata na kuusukuma mbele, ili usije ukachimba mtaro mmoja mwembamba na kuacha milima ya mchanga ikining'inia pande zote mbili. Kwa neno moja, waliuacha mto ufanye kibarua. Nyuma ya kuta hizo mbili kulikuwa na takriban mita za ujazo milioni 21 za mawe, changarawe, mchanga na tope, karibu nusu yake tope laini. Hakuna malori ya kubeba hayo.

Shehena hiyo vitabuni inaitwa mashapo. Tunaisoma shuleni kwenye miamba ya mashapo, na hatujiulizi neno hilo lilikotoka. Lakini kwa mtu wa nyumbani shapo ni kinachobaki baada ya kukamua au kuchuja, makapi ya kutupwa. Aliyelipeleka neno hilo kwenye jiografia alikuwa amekaa kwenye chujio: aliangalia maji yanayopita kuwa ndiyo kitu, na kinachobaki kuwa taka. Kwa mhandisi wa bwawa ni sawa kabisa. Mabwawa ya Ikowa na Matumbulu karibu na Dodoma, ambayo wanasayansi waliyapima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, yalikuwa yakijaa udongo kwa kasi ya kutisha, na kwa aliyeyajenga kila toroli la udongo lilikuwa hasara ya maji. Lakini nenda Ukambani, Kitui au Machakos, ambako wanajenga ukuta mfupi kukatisha mto wa msimu kwa makusudi ya kuujaza mchanga, kisha wanachota maji yaliyojificha ndani yake wakati wa kiangazi. Pale bwawa lililojaa mchanga ndilo bwawa lililokamilika. Mashapo hayohayo, na hakuna anayeyaita mashapo. Ni mchanga tu, na una thamani.

Shehena hiyo inapaswa kutajwa kwa majina yake hata Elwha, kwa sababu mto hauipeleki yote kwa njia moja. Tope laini husafiri likiwa limeelea ndani ya maji, nalo hufika baharini kwa saa chache. Mchanga huruka na kutua, ukaruka tena. Changarawe na mawe hujikokota sakafuni na kusubiri mafuriko. Kwa hiyo bahari ililiona tope kwanza, mchanga baadaye, changarawe mwisho. Ukiandika kwamba mashapo yaliachiliwa umeiua hadithi yote katika sentensi moja.

Mmomonyoko nao una kesi yake. Neno hilo tumelifundishwa kwa karipio. Tangu kampeni za hifadhi ya ardhi, kama ule mradi wa HADO ulioanza Dodoma mwaka 1973, mmomonyoko ni adui, na tangu hapo umehamia hata kwenye mahubiri: mmomonyoko wa maadili. Elwha mmomonyoko ndio uliokuwa mpango. Waliupimia muda, waliupigia hesabu, walikaa wakiungoja. Sidhani tunahitaji neno jingine. Tunahitaji kulivua karipio, basi. Kumomonyoka ni kitu kulegea na kuachia chembechembe zake, kama kilivyo kitenzi chenyewe midomoni, hakina haraka.

Haraka iko kwenye kidato. Mto ukizibuliwa, maji yanayodondoka kutoka juu ya mchanga uliojaa kwenda kwenye kitako cha mto wa zamani yanatengeneza ngazi moja kali, na ngazi hiyo haikai. Inakula nyuma, kuelekea juu. Wataalamu wana istilahi ndefu za kitu hicho. Sisi tunalo neno la wakwezi wa minazi, kidato, kile kikato cha kukanyagia kinachochongwa kwenye shina. Mkwezi huchonga kimoja, akapanda, akachonga cha juu yake. Kwenye Mto Sandy, tarehe 19 Oktoba 2007, ukuta wa Marmot ulikuwa umeshavunjwa na maji yakizuiwa na tuta la muda tu, mvua kubwa ilipokuja na tuta likaachia. Kidato kilianza kupanda mto mbele ya macho ya watu, ukingo wa mchanga ukianguka vipande vipande kama uliokatwa kwa kisu. Katika saa 60 za kwanza mto ulikuwa umeshabeba takriban asilimia 15 ya mzigo wa zaidi ya mita za ujazo laki saba uliokuwa nyuma ya ukuta. Kuna waliohofia kwamba mchanga huo ungekaa miaka na kuusumbua mto chini. Mto haukushauriana nao.

Maji hufuata mkondo, wanasema wahenga, na kwenye mto uliotulia ni kweli. Kwenye sakafu ya lililokuwa Ziwa Mills, nyuma ya ukuta wa Glines Canyon, msemo uligeuka: mkondo ulifuata maji. Leo ulipita kushoto, kesho umehamia kulia, mara umegawanyika mikono mitatu yenye visiwa vya changarawe katikati, mara mmoja umemeza mingine. Huko chini, kwenye bonde, kitako cha mto kilinyanyuka kwa mchanga mpya na maji yakatafuta njia za kale. Kambi za watalii za Elwha na Altair zikasombwa na barabara ya bondeni ikakatwa na mafuriko ya miaka iliyofuata. Gazeti lingeandika mto umeacha njia yake. Mzee yeyote wa Rufiji angesema umerudi.

Hapa pana utani wa lugha ambao siwezi kuupita. Kutibu na kutibua havina undugu wowote. Cha kwanza tulikipata kwa Waarabu pamoja na tabibu, cha pili ni chetu, kile cha kuchafua maji kwa kuyakoroga chini. Lakini Elwha kuutibu mto kulikuwa kuutibua. Maji yalitibuka kwa misimu kadhaa, kahawia kama chai ya maziwa ya kibandani. Mtambo wa kuchuja maji uliojengwa kwa ajili ya hali hiyohiyo ulizibwa na tope, majani na vijiti, na kazi ya kubomoa ikasimamishwa kwa muda mrefu hadi urekebishwe. Baharini mwani mkubwa ulipungua karibu na mlango wa mto kwa kukosa mwanga. Kisha maji yakaanza kutuama. Kutuama ni kitenzi cha subira: huwezi kukiamrisha, na hakina muda maalumu. Mwani ukarudi. Kwa Kiingereza wanapima kutibuka kwa vipimo na namba, nasi vipimo tutavihitaji, lakini ningependa jina la kipimo hicho litokane na kutibuka, utibukaji, badala ya uchafu wa maji unaoandikwa kwenye ripoti. Tope la mto si uchafu kama mafuta yalivyo uchafu.

Ingawa linaweza kuwa. Mwaka 1973 ukuta wa Fort Edward kwenye Mto Hudson, jimbo la New York, uliondolewa bila kutazamwa vya kutosha kilicholala nyuma yake. Ndani ya tope hilo mlikuwa na kemikali za PCB zilizokuwa zikimwagwa na viwanda vya vifaa vya umeme vya juu ya mto, na mto ukazisambaza kwa uaminifu uleule unaosambaza rutuba. Kuchimba tope hilo na kulitoa kulikuja kufanyika miaka ya 2009 hadi 2015. Funzo lake ni kwamba mto usizibuliwe bila kwanza kupima mashapo yake. Na hapo, nakiri, neno la makapi halikukosea.

Fukua ndiyo tamu kuliko zote. Ziwa Aldwell, lile la nyuma ya ukuta wa chini wa Elwha, lilipokwisha, vilifukuka visiki vya miti mikubwa iliyokatwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, vikiwa bado na vikato vya wakata miti vya kuchomeka mbao za kusimamia; vidato, tena vya mkwezi kabisa. Na mwaka 2012 pakafukuka mwamba ambao simulizi za Klallam zinasema ndipo watu walipoumbwa. Wazee walikuwa wamepokezana habari zake huku mahali penyewe pakiwa chini ya maji, na wajukuu wakawa wa kwanza kupakanyaga tena. Sentensi ya Kiswahili inayosema mwamba ulifukuka haimhitaji mfukuaji. Hakuna aliyeutafuta kwa jembe. Ziwa liliondoka, mto ukasafisha.

Huko mlangoni mwa mto, ndani ya miaka mitano, takriban theluthi mbili za shehena ilikuwa imeshatoka nyuma ya kuta, kiasi cha tani milioni 20, na karibu yote ilifika pwani. Ufuko uliokuwa wa mawe makubwa, kwa sababu bahari ilikuwa ikiula bila kulipwa kwa muda wa karne nzima, ukapata mchanga, na delta ikasogea mbele mamia ya mita. Kaa wakahamia. Mwanasayansi wa California, Mathias Kondolf, aliandika mwaka 1997 kuhusu maji yanayotoka chini ya ukuta yakiwa meupe na matupu, akayaita maji yenye njaa, kwani yakikosa mchanga wa kubeba hula kingo na kitako cha mto. Kwa hilo Mswahili hahitaji kamusi. Nalifikiria ninaposoma habari za bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwenye Mto Rufiji. Chini yake kuna mikoko mingi kuliko delta yoyote ya pwani hii, na wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye unyevu na tope linaloachwa na mafuriko yakipungua. Katika msamiati wa mlau tope ni mgeni anayengojwa. Ripoti za uhandisi zinapoandika kwamba bwawa litanasa mashapo, mkulima wa mlau akitafsiriwa vizuri angesoma: litazuia shamba.

Imebaki theluthi moja. Mto haukuichukua. Iko kwenye sakafu za yale maziwa mawili, imesimama kama kuta za udongo zenye kimo cha nyumba pande zote za mkondo mpya, na wafanyakazi wa hifadhi ya Olympic pamoja na watu wa Klallam wamepanda juu yake nyasi, lupini na miche ya misonobari. Wakazi wa bondeni wanaweza kuziita matuta, na wanajiolojia watakuwa na lao. Kwangu hapo ndipo mashapo yanapokaa sawasawa: mto umekamua ulichotaka, hiki ndicho kilichosalia. Mpaka litokee furiko kubwa la kutosha kukirudia, na itabidi tukiite mchanga tena.